Bunduki nyepesi isiyochezacheza mkononi: gramu zipunguzwe wapi?

Msomaji mmoja anayewinda milimani ameniuliza hivi: "Bunduki yangu ni ya bolti, ya risasi za .308 Winchester, mtutu wa sentimita 61. Pamoja na darubini ina kilo 4.1, na nikipanda nayo mlima kutwa nzima bega linaniuma. Nataka fundi aniundie upya ishuke chini ya kilo 3. Rafiki yangu ananishauri nikate mtutu ubaki sentimita 46, nibadilishe na kiunzi niweke cha nyuzi za kaboni, basi. Lakini niliwahi kushika yake nikiwa nimesimama, msalaba wa darubini ukawa hautulii hata kidogo. Nifanyeje yangu iwe nyepesi bila kuwa hivyo?"

Ndugu yangu, ulichokiona kwenye darubini ya rafiki yako ndiyo habari yenyewe. Watu wengi wanaoagiza bunduki nyepesi huanza na namba ya mizani, kilo 3 au kilo 2 na nusu, halafu hukwangua gramu popote zinapopatikana. Gramu 100 zilizopo kwenye mdomo wa mtutu na gramu 100 zilizopo kwenye vishikio vya darubini mabega yako yatazibeba sawasawa, lakini mikono yako itaziona ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza zipungue ngapi, uliza zitoke wapi.

Tuelewane kwanza kwa majina. Kiunzi ni ule mwili wa mbao, plastiki au kaboni. Nyuma yake kuna tako linalokaa begani, na mbele kuna kishikio cha mbele kinachokaa kwenye kiganja. Bodi ni kile chuma cha katikati ambamo bolti huenda na kurudi. Bodi hufungwa kwenye kiunzi kwa skrubu, kwa kawaida mbili, na ile ya mbele ndiyo nitakayoitumia kama alama ya kupimia, kwa sababu haihami hata ubadilishe nini.

Sasa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo bunduki ukiining'iniza kwa kitanzi cha kamba hukaa mlalo, haiinamii mbele wala nyuma. La pili ni jinsi bunduki inavyokataa kugeuzwa. Mfikirie mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwa mzega begani, moja kila ncha. Akitaka kugeuka ghafla, mti unamkatalia, na akishageuka, kuusimamisha ni kazi. Zisogeze ndoo zilezile mpaka karibu na shingo yake: uzito ni uleule, kitovu ni kilekile, lakini sasa anazunguka kirahisi na kila anapoyumba mti unayumba naye. Bunduki ni hivyohivyo. Uzito uliopo kwenye ncha ndio unaomeza mapigo ya moyo, pumzi na mtetemo wa misuli. Na nguvu yake haiongezeki kwa umbali tu, inaongezeka kwa umbali zidisha umbali.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako unaweza kupita mtihani wa kamba na bado ukakuangusha porini. Nimekadiria bunduki ya aina yako kwa hesabu ya kawaida ya uzito mara umbali kutoka skrubu ya mbele. Jinsi ilivyo sasa, kitovu chake kiko karibu kabisa na skrubu hiyo. Ukikata sentimita 15 za mtutu unaondoa kama gramu 160 tu, lakini kitovu kinarudi nyuma zaidi ya sentimita 2. Halafu ukiweka kiunzi cha kaboni kilichopungua gramu 350, nyingi zikiwa zimetoka kwenye tako, kitovu kinasogea mbele tena na kurudi karibu na skrubu. Kwenye kamba utaona imekaa vizuri, utafurahi. Lakini umepunguza ncha zote mbili. Umezisogeza ndoo shingoni.

Chukua sentimita 5 za mwisho za mtutu wa kawaida wa kuwindia, wenye kipenyo cha milimita 15 hivi mdomoni. Toa tundu la risasi, kilichobaki ni chuma cha gramu 50 hivi. Kwenye mtutu wa sentimita 61 kama wako, kipo kama sentimita 58 kutoka kitovu. Ukitaka kupata utulivu uleule kwa kuweka uzito sentimita 40 kutoka kitovu, utahitaji kama gramu 105. Yaani chuma kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kikiwa mdomoni mwa mtutu, kinafanya kazi ya kipande kikubwa mara mbili hivi kikiwa kimesogea nyuma kidogo. Mimi mtu akiniambia anataka kuanza kupunguza hapo, namwomba asubiri.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Bunduki nyepesi ya kwanza niliyojiundia ilikuwa na kilo 2 na nusu pamoja na darubini, mtutu wa sentimita 47. Nikiwa nimekaa chini, viwiko juu ya magoti, ilipiga vizuri sana. Siku moja nilimkuta mnyama ng'ambo ya bonde dogo, umbali wa mita 120 hivi, nyasi ndefu, hakuna pa kukaa wala mti wa kuegemea. Nilikuwa nimetoka kupanda. Nilipoinua, msalaba ulipita begani mwake, ukatoka juu ya mgongo, ukarudi, ukashuka mpaka mguuni, na kila pigo la moyo lilikuwa linaurusha upya. Sikufyatua, na mpaka leo nashukuru kwamba sikufyatua, maana mnyama aliyejeruhiwa kwenye bonde lile nisingempata kabla ya giza. Baadaye nilibadilisha mtutu nikaweka mwembamba wa sentimita 56. Bunduki iliongezeka gramu 90 hivi. Begani sikuziona gramu hizo hata mara moja, lakini kwenye darubini niliziona siku ileile ya kwanza.

Basi yako ipunguzwe wapi? Anza juu ya bodi. Darubini nyingi ninazozikuta kwenye bunduki za kuwindia zina gramu 600 mpaka 800, zenye lenzi pana ya mbele na ukuzaji ambao mwindaji wa mita 250 hautumii kamwe. Darubini nzuri ya kukuza mara 2 mpaka 7, au mara 3 mpaka 9, inapatikana kwa gramu 350 hadi 400. Vishikio vya chuma pamoja na reli yake vinaweza kufika gramu 180 au zaidi; vya alumini vilivyobuniwa vizuri viko chini ya 80. Uzito huu wote uko karibu na kitovu, kwa hiyo ukiuondoa husumbui mizani wala utulivu. Tena kuna faida nyingine: darubini hukaa juu ya mtutu, na ikiwa nzito inaifanya bunduki itake kulala ubavu kila unapoinua. Nyepesi iliyofungwa chini karibu na mtutu inaondoa hilo. Inanishangaza kuona mtu analipa fundi pesa nyingi ili apunguze gramu 300 kwenye bodi na mtutu, kisha anafunga juu yake darubini yenye gramu 800.

Angalizo moja kabla hujanunua. Tazama umbali wa jicho ambao darubini inauhitaji. Bunduki nyepesi inarudi nyuma kwa kasi zaidi, na darubini inayotaka jicho liwe sentimita 7 tu kutoka kwenye kioo itakupasua nyusi. Mimi sikubali chini ya sentimita 9.

Pili, kiunzi. Cha plastiki cha kiwandani au cha mbao mara nyingi kina kilo 1 au karibu na hapo. Cha nyuzi za kaboni kilichotengenezwa kwa uangalifu kina gramu 500 hadi 700. Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko pote, na kwa kuwa sehemu kubwa ya upungufu hutoka kwenye tako, kitovu kinasogea mbele kidogo, upande unaoutaka. Kinyume chake ndicho kinachoharibu: watu hupunguza mtutu wakaacha tako zito, bunduki ikawa inainua pua hewani kila wanapoiweka begani. Lakini usichukue kiunzi chepesi kwa sababu ni chepesi tu. Kishike kishikio cha mbele kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, ubane kwa nguvu. Kama kinapinda mpaka kikagusa mtutu, kiache, kwa kuwa siku utakayovuta mkanda au kuegemea jiwe risasi itakwenda kwingine.

Kisha sehemu ndogo: sahani ya chini na kizingio cha kifyatulio vya chuma vikibadilishwa kwa alumini vinatoa gramu 70 hivi, tena katikati. Bodi yenyewe sishauri iguswe. Kuna mafundi wanaotoboa na kuchonga chuma cha bodi na bolti ili watoe gramu 40 au 50. Hicho ndicho chuma kinachozuia mlipuko usikufikie usoni. Ukitaka bodi nyepesi, nunua iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo kiwandani.

Mtutu uwe wa mwisho, na uguswe kwa unene kabla ya urefu. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilipotoa bunduki yake nyepesi ya Model 70 Featherweight mwaka 1952, pamoja na risasi hiyohiyo ya .308 unayoitumia, mtutu wake mwembamba ulikuwa na inchi 22, yaani sentimita 56. Miaka ya 1980, Melvin Forbes wa West Virginia, Marekani, alitengeneza bunduki nyepesi kuliko zote zilizozoeleka wakati ule kwa kupunguza bodi na kiunzi; kiunzi chake cha nyuzi kilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo. Mtutu aliuacha uwe mrefu wa kutosha. Ukiutazama mtindo huo unaona mtu aliyejua gramu zipi ni za kutupa na zipi ni za kutunza.

Kwako wewe, mtutu mwembamba wa sentimita 56 wenye kama gramu 1,100 badala ya 1,250 unatosha. Kwa urefu huo .308 inapoteza kama mita 15 kwa sekunde, kitu ambacho mnyama hawezi kukitambua. Mtutu mwembamba hupata joto haraka na baada ya risasi ya tatu au ya nne matundu yake kwenye shabaha huanza kutawanyika, lakini bunduki ya mlimani hupimwa kwa risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu wa baridi, labda na ya pili. Usiihukumu kwa ya sita.

Kuhusu mtutu wenye mifereji iliyochongwa nje kwa urefu wake: mifereji inapunguza gramu chache, mara nyingi chini ya 110, na mtutu unabaki mgumu kuliko mtutu laini wenye uzito huohuo, lakini si mgumu kama ulivyokuwa kabla haujachongwa. Na mtutu uliofungwa nyuzi za kaboni si lazima uwe mwepesi kuliko mwembamba wa chuma. Mara nyingi unauzidi. Thamani yake ni kwa anayetaka ugumu wa mtutu mnene bila uzito wake wote. Omba uzito kwa gramu kabla ya kuagiza.

Sasa tujumlishe. Darubini kutoka 600 hadi 380, vishikio kutoka 180 hadi 80, kiunzi kutoka 950 hadi 600, sahani ya chini kutoka 150 hadi 80, mtutu kutoka 1,250 hadi 1,100. Zimeondoka gramu 890, na unabaki na kilo 3.21 hivi. Kwa hesabu ileile ya umbali, kitovu kinakuja karibu sentimita 1 mbele ya skrubu. Hapo ndipo ninapopapenda: kati ya sentimita 1 na 3 mbele ya skrubu ya mbele, mdomo uwe na uzito kidogo mkononi, wa kuutuliza mtutu bila kuuburuta chini.

Najua ulitaka chini ya kilo 3. Nakuomba usimame kwenye 3.2, na sababu yangu ya pili ni teke, yaani pigo la bunduki begani inapofyatuliwa. Risasi ya gramu 9.7 inayotoka kwa mita 860 kwa sekunde, pamoja na gesi ya gramu 2.9 za baruti, huisukuma bunduki nyuma kwa msukumo uleule iwe nzito au nyepesi. Kinachobadilika ni kasi ambayo bunduki inakujia nayo. Kwa kilo 4.1 unapokea kama jouli 19. Kwa kilo 3.21 ni kama 24. Kwa kilo 2.7 zinafika 28 na nusu, mara moja na nusu ya ulizozizoea. Mwili haudanganyiki. Mtu anayepigwa hivyo kwenye mazoezi huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na akishaanza, kumtoa kwenye tabia hiyo ni kazi ya miezi. Kiunzi kiwe na mgongo ulionyooka, tako lisishuke sana, ili nguvu ije moja kwa moja begani badala ya kuinua pua na kukupiga shavuni. Na usibane gramu kwenye mpira wa tako. Gramu zake 120 hivi ziache zilipo.

Kabla fundi hajakata chochote, fanya jaribio hili nyumbani. Toa risasi zote, fungua bolti, tazama chumba cha risasi, kisha kiguse kwa kidole. Funga bunduki ikiwa na kila kitu utakachobeba nacho, mkanda ukiwemo. Ining'inize kwa kitanzi, weka utepe mahali kitovu kilipo, pima umbali kutoka skrubu. Risasi nne ndani ya magazini ni kama gramu 100 lakini ziko karibu sana na kitovu, hazitakudanganya kwa kitu kikubwa, kwa hiyo ziache kando.

Kisha tafuta chubwi za kuvulia samaki, za gramu 50 kila moja, na gundi ya utepe. Panda na kushuka ngazi mpaka moyo uende mbio, simama, elekeza kwenye kidoa kidogo upande ulio salama, hesabu polepole mpaka kumi huku ukitazama msalaba unavyotembea. Bandika chubwi moja chini ya ncha ya kishikio cha mbele, rudia. Weka mbili, rudia. Hamishia nyuma kwenye tako, rudia. Kuna mahali utaona msalaba unaacha kuruka na kuanza kuelea polepole. Andika ni gramu ngapi na ziko sentimita ngapi kutoka skrubu. Hiyo karatasi ndiyo umpelekee fundi, kwa maana watu hatufanani. Mwenye mikono mirefu na mwenye mifupi hawatapenda mahali pamoja.

Kama unatumia au unakusudia kutumia kiwambo cha sauti, yaani bomba la kupunguza mlio linalofungwa mdomoni mwa mtutu, kila nililosema juu ya urefu wa mtutu linageuka. Kiwambo cha gramu 300 kwenye mdomo wa mtutu wa sentimita 56 kinasukuma kitovu mbele zaidi ya sentimita 5, na bunduki inakuwa kama fimbo yenye jiwe kwenye ncha. Hapo mtutu wa sentimita 46 una mantiki kamili, kwa sababu kiwambo kinarudisha mbele uzito uliokatwa na kupunguza teke pia. Huenda rafiki yako alikuwa anafikiria hilo. Usijaribu kulitatua kwa kujaza madini ya risasi kwenye tako ili yawe uzito wa nyuma. Utakuwa umebeba mlimani ulichokwisha lipia kiondolewe. Kipunguza teke kidogo cha mdomoni hakiharibu mizani kiasi hicho, lakini mlio wake kwa mpigaji na kwa mwenzake aliye ubavuni ni mkali mno, kwa hiyo kitumie tu kama uko tayari kuvaa vizuia sauti masikioni hata kwenye mawindo.

Kifyatulio nacho kinaingia kwenye mizani, ingawa wengi hawakihesabu. Kikihitaji nguvu ya kilo 2 kuvutwa na bunduki yenyewe ina kilo 3, kidole chako kinaweza kuisogeza kabla risasi haijatoka. Mwambie fundi akiweke kati ya kilo 1.2 na 1.4, kisha akijaribu kwa kugonga tako chini, bunduki ikiwa tupu, ahakikishe hakijiachii.

Kazi ya kufunga mtutu mpya na kupima nafasi ya risasi ndani ya chumba mwachie fundi bunduki mwenye leseni, na uulize kwanza sheria ya kwenu inasemaje kuhusu urefu wa chini wa mtutu, kiwambo, na kubadilisha sehemu zilizosajiliwa.

Ikirudi kwako, usiichukulie kama ile ya zamani. Bunduki nzito ilikuwa inakaa yenyewe juu ya mfuko wa mchanga. Hii itaruka ukiiachia. Ishike kishikio cha mbele kwa mkono, ivute begani kwa uthabiti uleule kila mara, iwe mezani au porini, kwa maana ukiirekebisha darubini ilenge sawa bunduki ikiwa huru juu ya mfuko halafu ukaishika kwa nguvu mlimani, risasi zitakwenda mahali pawili tofauti. Anza na risasi tatu tatu, uache mtutu upoe kati yake mpaka uweze kuukumbatia kwa kiganja bila kuuachia. Halafu simama, bila kuegemea kitu, mita 100, risasi moja tu kwa siku kutoka mtutu wa baridi, siku kumi. Karatasi ileile moja kwa siku zote kumi. Matundu hayo kumi yatakuonyesha kama zile chubwi zilikuambia kweli.